"Limekubaliwa kimsingi" si jibu
Mwandishi wa makala ninayoyajibu hapa anaipima serikali kwa idadi ya mapendekezo ya kamati za bunge iliyoyajibu, nami naona kipimo hicho kinaipendelea mno. Kujibu si kazi ngumu. Nchini Uingereza serikali hutarajiwa kuijibu ripoti ya kamati teule ndani ya miezi miwili, na nchini Kanada kamati ya bunge ikiomba jibu rasmi muda uliowekwa ni siku 120. Lakini hata pale muda huo unapozingatiwa, na si mara zote, mtu anaweza kulisoma jibu zima asijue ni jambo gani litakalobadilika. Tatizo limo katika maneno yenyewe. Pendekezo "limekubaliwa kimsingi", au "limezingatiwa", au litaangaliwa katika mapitio ya sera ambayo hayajapangiwa tarehe, na kwa kuwa hakuna aliyelikataa, hakuna anayelazimika kutoa sababu. Binafsi ningependelea likataliwe waziwazi kwa hoja, maana hapo kamati hupata cha kubishania. Ni kweli kwamba kwa kawaida mapendekezo haya hayaifungi serikali kisheria, na mengine huandikwa kwa ulegevu kiasi kwamba hata waziri mwenye nia njema asingejua aanzie wapi. Hata hivyo, kamati inaweza kumwita waziri tena baada ya mwaka mmoja, ripoti ya zamani ikiwa mezani, na kumuuliza kila pendekezo alilolikubali limefikia wapi, limekabidhiwa nani na limetengewa fedha kiasi gani.