Hilo Pengo Si Maegesho!

Jamani, nani aliwaambia madereva wa Thika Road kwamba pengo lililo mbele ya gari langu ni maegesho ya bure? Nimejinyima miaka nipate hii spoti ya kifahari, mtumba wa Japani, injini ikinguruma moyo unatulia. Ina kruzi kontroli ile ya rada: unaipa kilomita 80 kwa saa, inapima umbali wa gari la mbele, inapunguza na kuongeza mwendo yenyewe. Raha!

Raha gani? Kabla ya Roysambu matatu imeshajichomeka. Rada inashtuka, breki zinakamata, shingo inatikisika. Gari linalegeza mwendo lifungue pengo jipya. Pengo likifunguka, pikapu hiyo! Breki! Pikapu ikitoka, bodaboda na godoro lake. Breki tena! Kwa mtindo huu si nitafika Thika kinyumenyume? Na pengo nimelipunguza hadi kiwango cha mwisho, bado wanapenya.

Halafu mtumba wenyewe. Menyu Kijapani kitupu. Tope likiifunika rada, mfumo mzima unagoma. Bampa likiguswa, rada inapinda, lazima ielekezwe upya, na fundi mwenye vifaa vya kazi hiyo anakutajia bei ya shamba!

Wenzangu mnaoteseka, si mnanielewa? Kwa kilomita 80 gari linameza mita 22 kila sekunde. Pengo hilo ndilo breki yangu, ndiyo salama ya watoto wangu kiti cha nyuma. Nanyi mnaojichomeka, mnaharakia wapi? Kaeni kwenye leni yenu!