Sumaku ya Kutuliza Maumivu Sugu: Inamfaa Nani?

Mtu aliyepona mkanda wa jeshi lakini ngozi ikaendelea kumwaka moto mwaka mzima hasaidiki kwa kuambiwa avumilie. Dawa za amitriptilini na pregabalini, zinazotumika kutuliza maumivu ya aina hii, huwafaa baadhi. Wengine huambulia usingizi na kizunguzungu tu. Kwa ajili yao, tiba ya kuamsha ubongo kwa sumaku inastahili kupimwa kwa haki. Isibezwe, wala isiuzwe kama mwarobaini.

Chombo chenyewe si kigeni. Anthony Barker na wenzake walikionyesha Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Koili huwekwa juu ya kichwa, umeme hupita ndani yake kwa ghafla, na nguvu ya sumaku inayozaliwa hupenya fuvu na kuamsha neva. Hakuna kupasuliwa wala nusukaputi. Kwa maumivu, hulengwa sehemu ya ubongo inayoendesha misuli, upande wa pili wa panapouma.

Wenye shaka wana hoja nzito. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yalikuta kwamba, muda mfupi baada ya tiba, maumivu yalipungua kwa wastani wa asilimia 7 tu kulinganisha na tiba ya kuigiza, yaani koili inayowekwa bila kuamsha ubongo kikweli. Nafuu yenye maana kwa mgonjwa ilikadiriwa kuanzia asilimia 15. Tena koili hugonga kichwa na kulia, kwa hiyo aliyepewa ya kuigiza anaweza kushtukia, na hapo ulinganisho unaharibika.

Hata hivyo, wastani huo uliwaweka kapu moja wagonjwa wa maumivu ya aina nyingi. Mwaka 2021 Nadine Attal na wenzake, Ufaransa, walichapisha jaribio la watu 149 wenye maumivu ya neva tu, yaani yanayotokana na neva zilizodhurika, kama yale ya baada ya mkanda wa jeshi, waliotibiwa mara 15 na kufuatiliwa kwa wiki 25. Waliolengwa sehemu ya ubongo inayoendesha misuli walipata nafuu kuliko wa kuigiza. Waliolengwa sehemu ya mbele ya ubongo hawakuwazidi. Kwangu hilo ndilo la uzito: mahali koili inapowekwa na aina ya maumivu vinabadilisha jibu.

Kwa hiyo ningeitetea kwa maumivu ya neva yaliyoshinda dawa, ikiwa nyongeza ya matibabu mengine. Mwenye chuma kichwani au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa asiikaribie, na mwenye historia ya kifafa aanze kwa daktari, kwani degedege hutokea, japo mara chache. Na kliniki inayoiuza kwa kila mgongo na kila goti iulizwe inategemea jaribio lipi.