Eti mimi nimefungiwa, Bosi "tunachunguza"

Jamani nimefungiwa. Sio laini ya simu, kibanda umiza. Mtu mzima na ndevu zangu, baba wa watoto, nasomewa hukumu mbele ya madogo wa darasa la tano walioingia kwa jero. Kosa langu eti benchi. Benchi lenyewe lina miguu mitatu, wa nne tofali, nimeruka kushangilia goli, nikakaa, likaenda na mimi.

Sasa muda si mrefu kabla ya hapo Bosi, shabiki wa Manchester City, timu yake kanyimwa penati karusha chupa ya soda ikatua kwenye feni. Feni mpaka leo inazunguka kwa kwikwi. Mapumziko kesi ikaitishwa palepale, mwenye kibanda kakaa juu ya kreti, rimoti mkononi.

"Wewe umevunja mali ya kibanda. Wiki mbili sitaki kuona sura yako."

Nikajikaza, nikaongea kwa heshima, "Sawa kaka, na feni je?"

"Feni tunachunguza."

Tunachunguza! Soda inachuruzika ukutani, mkono wa Bosi unanata, wanachunguza nini, alama za vidole? Bosi kasimama anakana, eti chupa imemteleza. Ikateleza kwenda juu! Halafu kaagiza soda kwa benchi zima la mbele, na mwenye kibanda ananiambia bila hata aibu, "Kaka elewa, wewe unakuja na buku yako na chenji unadai. Bosi anakuja na watu kumi, wote wanakula chipsi za mke wangu. Nikimfungia yeye king'amuzi nani analipia?" Nikasema nakata rufaa. Akauliza kwa nani. Nikaangalia huku na huku, wote wana soda mkononi, kuna mmoja hata mkoa wetu ni mmoja, ananikwepa macho.

Na mimi haya mambo nayajua kuliko wote mle ndani, maana mimi ni shabiki wa Everton ya Ligi Kuu England. Msinicheke. Walikuja Taifa 2017 kucheza na Gor Mahia, Rooney akapiga lile shuti la mbali naliona kwa macho yangu, toka siku hiyo sijapumzika. Machi 2023 tukashtakiwa na ligi kosa moja, kanuni ilisema hasara ya miaka mitatu mwisho paundi milioni 105, sisi tumezidisha milioni 19.5. Novemba mwaka huohuo, chaa, pointi 10. Tumelala wa 14 tumeamka wa 19 na mechi hatujacheza. Tume iliyosikiliza kesi ikasema kutoza faini klabu yenye tajiri nyuma yake haitoshi, na hapo nilikubali kabisa, maana tajiri ukimtoza hela si anatoa tu, pointi ndio zinauma.

Ila City walishtakiwa mwezi mmoja kabla yetu. Mashtaka 115 ya kuvunja kanuni za ligi. Wanakana yote, haki yao. Kesi imeanza kusikilizwa Septemba 2024, na kufika hapo sisi tumeshakatwa 10, tumekata rufaa tumerudishiwa 4, tumekatwa tena 2, tumeponea kushuka, na msimu mpya tumeshauanza kwa kufungwa. Najua mtasema mashtaka mengi yana makaratasi mengi na mawakili wengi. Sawa. Kwa hiyo mimi nilitakiwa nivunje mabenchi yote?

Nottingham Forest nao wakakatwa 4 zao. Chelsea wakauza hoteli zao mbili kwa kampuni ndugu yao, paundi milioni 76.5, hasara ikaonekana ndogo, na kanuni za ligi zikaruhusu. Mimi nikimuuzia mke wangu kitanda tunacholalia ili daftari likae sawa, mangi atanielewa? Milan ndio usiseme, 2006 kwenye ile kashfa ya waamuzi Italia wamekatwa pointi 30, bado zilizobaki zikawapeleka Ulaya, Mei 2007 wakabeba Champions League. Adhabu ya hivyo naomba na mimi.

Na kinachonichosha zaidi, hesabu yao naielewa. Ukimshusha mkubwa, hela ya televisheni inatetereka, na hiyo hela wadogo nao wanaila, kwa hiyo hata anayeonewa anaombea mkubwa asiguswe. Unabaki unapiga kelele na njaa yako. Halafu ukikata pointi unamkatia nani? Burnley walishuka 2022, sisi tukabaki kwa pointi 4 tu, na hasara zetu zilikuwa za miaka hiyohiyo. Tumekuja kukatwa wao wameshazunguka daraja la chini na kurudi. Zimewafaa nini? Hawa watu nawahurumia kabisa, na mimi ndiye niliyefaidi!

Anyway sasa hivi mpira naangalia dirishani kwa jirani, yeye ndani, mimi nje na mbu wangu. Tatizo mke wake rimoti haiachii, ikifika saa tatu kamili ni tamthilia ya Kituruki, hata kama ni dakika ya 89 na kuna kona. Nimeanza kwa kununa, ila kuna mama mkwe kwenye hiyo tamthilia roho yake mbaya sijapata kuona, kamficha mtoto wa watu barua miezi sita, na bwana mwenyewe anajua kakaa kimya anakunywa chai tu. Jana umeme umekatika barua iko mezani. Mwenye kujua marudio ni saa ngapi aniambie.