Moshi wa mkanda na njia ya kutokea

Kwetu Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, vichochoro ni vyembamba. Punda wawili wenye shehena wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Usiku wa joto tunavishukuru, maana upepo wa baharini hukazana kati ya kuta, hupita chini ya wikio, kile chumba kinachojengwa juu ya kichochoro, na kutufikia mpaka kiwandani, yaani uani ndani ya nyumba. Nilipokuwa mdogo, paa la makuti liliwaka nyumba chache kutoka kwetu, na upepo ule ule tulioupenda ukatujazia moshi nyumba nzima. Mama alituokoa kwa mlango wa nyuma, unaotokea mtaa wa pili.

Kisa hicho kilinirudia niliposoma juu ya mzozo wa muda mrefu wa wachimba makaa ya mawe nchini Marekani: je, hewa inayopita kwenye handaki la mkanda wa kusafirishia makaa iruhusiwe kupelekwa kwa watu wanaochimba, au itengwe kabisa? Wakazi wa Lamu tuna sababu ya kuuliza. Tulipopinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, huku kwetu Lamu, tulizungumza juu ya samaki, mikoko, mapafu ya watoto na mji wetu wa kale. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni yake, na mimi nilifurahi kama wenzangu. Lakini makaa hayo yangeanza kuletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini, kisha baadaye yachimbwe Mui, kule Kitui. Mtu ambaye angeshuka shimoni kuyatoa hakutajwa sana katika vikao vyetu. Nami nilikuwamo, na sikumtaja.

Mgodi wa makaa haupumui wenyewe. Feni kubwa iliyowekwa juu ya ardhi huilazimisha hewa safi ipite kwenye mahandaki fulani hadi pale makaa yanapokatwa, ikusanye gesi na vumbi, kisha itoke kwa mahandaki mengine. Kati ya hewa inayoingia na inayotoka hujengwa kuta za kuzibia. Adui mkubwa ni methani, inayolipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Ndiyo maana kanuni za Marekani haziisubiri ifike huko: ikigonga asilimia 1 mahali pa kazi, mashine za umeme huzimwa, ikigonga 1.5, watu hutolewa. Kila sehemu inapokatwa makaa hutakiwa ipate angalau futi za ujazo 3,000 za hewa kwa dakika, na oksijeni isishuke chini ya asilimia 19.5.

Kisha kuna njia za watu. Kila sehemu ya kazi iwe na njia mbili za kutokea, zilizotengana kweli, na apite mtu yeyote, hata mlemavu. Baada ya wachimbaji 12 kufa katika mgodi wa Sago Januari 2006, sheria mpya ya mwaka huo iliagiza pia kamba ya kuokolea itandazwe kwenye njia hizo. Kamba ina vipande vyenye umbo la pia. Moshi ukiwa mzito hata mtu haoni kiganja chake, huishika na kutembea: mkono ukiteleza juu ya vile vipande, anaelekea nje, ukikwama, anarudi motoni. Sijaona kanuni nyingine iliyomfikiria mtu aliye gizani kwa upole kama huo.

Mzozo wenyewe unahusu handaki la mkanda. Mkanda hushika moto kwa urahisi: magurudumu yake yakikwama husuguana nao na kupata joto, vumbi la makaa hujilundika chini yake, na mpira wake ukiungua hutoa moshi wa sumu. Sheria ya Marekani ya 1969, iliyotungwa baada ya watu 78 kufa katika mlipuko wa mgodi huko Farmington mwaka uliotangulia, ilitaka handaki hilo litengwe na mikondo ya hewa ya wachimbaji. Mwaka 2004 kanuni zikalegezwa: hewa ya mkanda ikaruhusiwa, mradi kuwe na vifaa vya kunusa kaboni monoksidi vinavyotoa tahadhari mapema.

Wanaotetea ulegezaji huo hawasemi kwa sababu ya pesa tu, na tusiwadharau. Mgodi ukiwa wa kina kirefu, kila handaki la ziada linaudhoofisha mlima ulio juu. Kule Marekani, kwa miongo mingi, kuanguka kwa paa kumeua wachimbaji wengi kuliko milipuko, ila huua mmoja mmoja na magazeti hayaandiki. Kwa hiyo ukimwambia mwenye mgodi achimbe handaki jingine ili atenge hewa, huenda ukamkinga mchimbaji dhidi ya moshi, kisha ukamwangushia jiwe. Tena, hewa nyingi zaidi huipunguza makali methani, na handaki la mkanda tayari lipo. Mahali penye gesi nyingi hoja hii ni ya uhai.

Lakini tazama yaliyotokea Utah tarehe 19 Desemba 1984, katika mgodi wa Wilberg. Sehemu ile ilikuwa na mahandaki mawili tu, kwa hofu hiyo hiyo ya mlima. Moto ulizuka kwenye mashine ya kushindilia hewa, moshi ukafuata mkondo hadi kwa wafanyakazi, na njia ya upande wa pili ilikuwa imezibwa na paa lililoanguka. Watu 27 walikufa. Hapo pande zote mbili zilipata ushahidi: mmoja alisema mlima kweli unaanguka, mwingine akasema njia mbili zilizoandikwa kwenye ramani hazikuwa mbili.

Mwezi ule ule wa msiba wa Sago, Januari 2006, katika mgodi wa Aracoma Alma, West Virginia, mkanda ulishika moto na wachimbaji wawili wakafa. Kuta za kuzibia kati ya mkanda na njia kuu ya kutokea zilikuwa zimeondolewa, hivyo moshi ukaingia pale pale walipokimbilia. Mtetezi wa ulegezaji atasema: hilo ni kosa la aliyeondoa kuta, kanuni haina lawama. Hoja hiyo ina uzito, na nimeigeuza kichwani mara nyingi. Hata hivyo nadhani kanuni nzuri hutungwa ikijua kwamba siku moja mtu ataondoa ukuta. Kuna utaratibu wa kuifanya hewa ya njia ya kutokea iwe na shinikizo kubwa kuliko hewa ya mkanda. Kuta zikivuja, hewa safi ivuje kuelekea mkandani, na moshi usirudi kwa watu. Hapo kosa moja dogo haliwi msiba mara moja. Ukiusukuma mkondo wa mkanda kuelekea kwa wachimbaji, umeuweka uhai wao mikononi mwa kifaa cha kunusa na mtu wa zamu anayekisikiliza.

Mwaka 2008 Marekani ilikaza tena: hewa ya mkanda haitumiki ila kwa kibali cha mgodi mmoja mmoja, baada ya mwenye mgodi kuonyesha kwamba wachimbaji watapata kinga isiyopungua ile ambayo wangeipata bila hewa hiyo. Mimi nasimama hapo. Marufuku iwe ndiyo kanuni, na anayetaka ruhusa abebe mzigo wa kuthibitisha.

Kenya haina mgodi wa makaa wa chini ya ardhi unaofanya kazi. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 na Sheria ya Madini ya 2016, na tuna mashimo ya dhahabu ya Migori na Kakamega, ambako mara nyingi tundu la kuingilia ndilo hilo hilo la kutokea. Uingereza iliacha jambo hilo mwaka 1862. Huko Hartley boriti ya mashine ya maji ilivunjika na kuziba shimo la pekee, wanaume na wavulana 204 wakafia chini, na mwaka huo huo sheria ikadai kila mgodi wa makaa uwe na milango miwili. Huku barani kwetu, mlipuko wa Wankie, Zimbabwe ya leo, uliua zaidi ya watu 400 mwaka 1972, na wengi wao miili yao haikutolewa kamwe.

Siku mradi wa Mui au mwingine kama huo utakaporudi mezani, nitaomba ramani ya mahandaki ibandikwe ukutani barazani, yenye mishale ya hewa, pale wazee wa Kitui na wa Lamu wanapoweza kuiona pamoja. Swali langu litakuwa moja: moto ukianza mkandani saa nane za usiku, moshi utaelekea wapi, na mlango wa nyuma uko wapi?