Tangazo Lisilosema Nyumba Ipi

Theluji ikishuka kwa wingi hapa Minneapolis, Marekani, jiji hutangaza dharura kabla ya saa 12 jioni, na amri inaanza kazi saa 3 usiku huohuo. Ujumbe unaingia kwenye simu ya kila aliyejiandikisha. Siku ya kwanza, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi, hakuna kuegesha gari upande wowote wa njia za dharura, zile zenye vibao vyekundu. Siku ya pili, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, barabara nyingine za kawaida zinafungwa upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu, saa zilezile, ni zamu ya upande wa namba witiri.

Ni kero, tena kubwa. Mtego wake uko pale siku ya kwanza inapokutana na ya pili. Mtu anaondoa gari njia kuu usiku, analisogeza barabara ya pembeni, analiacha upande wa shufwa, analala. Kukicha saa 2, upande ule ndio umepigwa marufuku. Gari linavutwa hadi yadi, na hapo kuna faini, kuna gharama ya kuvuta, na kuna malipo ya kila siku linayolala huko. Ndugu zetu wengi wanaofanya zamu ya usiku kwenye nyumba za kutunza wazee ndio wanaoumizwa zaidi, kwa sababu marufuku inawakuta wakati wameshaingia kazini. Jiji halijali hilo kama inavyopasa.

Hata hivyo, hakuna mwenye gari anayeweza kusema tangazo lilimficha barabara ipi, upande upi, saa ngapi. Ndiyo maana nikisoma matangazo ya nyumbani Tanzania yanayorushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa, roho inaniuma. Mnayajua. Huduma ya maji itakosekana kutokana na matengenezo. Maeneo yatakayoathirika: zinatajwa kata tatu nzima, kisha "na maeneo jirani". Huduma itarejea mara kazi itakapokamilika. Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza.

Sasa mama ntilie wa Tabata, Dar es Salaam, afanye nini na hilo? Ajaze mapipa usiku au asijaze? Tabata ina mitaa mingapi? Mwenye saluni afungue au awaambie wateja waje keshokutwa? Mamlaka inajua valvu ipi itafungwa na bomba lile linalisha wapi, kwa hiyo mpaka wa eneo unafahamika kabla fundi hajashika spana. Unaachwa tu ofisini. Na madhara yake si ya siku moja. Kila tangazo likiwagusa watu wote, watu wanaacha kuyasoma, na siku maji yanapokatika kweli kwa siku tatu hakuna aliyeweka akiba hata ya kunawia.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba tulishapiga hatua ambayo nchi nyingi zinaitamani. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, Operesheni ya Anwani za Makazi ilipita nchi nzima. Nyumba zikapewa namba, barabara zikapewa majina, nguzo za vibao zikasimamishwa mpaka kwenye vichochoro ambavyo havijawahi kuona greda. Namba zile ziko ukutani leo. Basi kwa nini mpaka sasa greda likija, au mtaro ukizibuliwa, au bomba likihamishwa, tangazo haliandiki "Barabara fulani, nyumba namba 1 hadi namba 48, pande zote mbili"? Mpango wa Minneapolis wa shufwa na witiri umesimama juu ya namba za nyumba, na namba tunazo.

Najua majibu yanakuja. La kwanza ni kwamba nimepanda ndege nikasahau nilikotoka. Sijasahau, na sijidai. Mwenye mama, wadogo na mpwa wanaopanga foleni ya maji hawezi kuiona nyumbani kama kituko. Anayeishi mbali anayategemea matangazo haya kuliko hata aliyepo, kwa sababu ndiye anayepigiwa simu kutuma hela ya boza la dharura, hela ambayo taarifa ya siku mbili kabla ingeiokoa.

La pili: huko kuna fedha, huku hakuna. Nikubaliane nanyi kuhusu theluji. Magari yale na madereva wa usiku kucha ni gharama kubwa. Ila tangazo lenyewe si gharama. Mtu akija kukusanya ada ya taka, anafika kila geti. Na nyumba ikitakiwa kubomolewa, alama ya X nyekundu haikosei ukuta hata siku moja wala haiandikwi kwa "maeneo jirani". Ofisi inayoweza kuufikia ukuta wangu kwa rangi inaweza kuufikia kwa karatasi.

La tatu, na hili nalikubali kwa moyo wote: kwetu watu wanaambiana. Kweli kabisa. Msiba ukitokea, kabla ya saa moja kupita turubai limeshapatikana, na mjumbe anajua nani ana viti. Hapa mtu anafariki na jirani wa ukuta wa pili anajua baada ya wiki. Pia tuna kitu ambacho Minneapolis inakigharamia sana. Taarifa zake muhimu hutolewa kwa Kiingereza, Kihispania, Kisomali na Kihmong, na hata hivyo wengine wanabaki nje, sisi Waswahili tukiwemo. Dar es Salaam karatasi moja ya Kiswahili inamfikia Mmakonde, Msukuma, Mhindi wa Upanga na Mchaga mwenye duka la kona. Kwenye mkutano mkuu wa mtaa, mkazi yeyote mwenye miaka 18 na kuendelea anaruhusiwa kusimama na kumuuliza mwenyekiti mapato na matumizi uso kwa uso. Hapa kwenye kikao cha jiji unapewa dakika chache za kusema, kisha unakaa, na mara nyingi hakuna anayekujibu papo hapo.

Ila mkutano wetu huo unaitishwa lini? Jumatano saa 4 asubuhi, tangazo limebandikwa Jumanne. Aliyeajiriwa yuko kazini, mwenye genge yuko gengeni. Wanakuja wachache, akidi haitimii au inalazimishwa, kisha tunaambiwa wananchi hawana mwamko. Hapa Minnesota, jimbo lenye Minneapolis, sheria inataka kikao maalumu cha baraza kitangazwe angalau siku 3 kabla. Na kila Novemba mwenye nyumba anapelekewa barua inayoonyesha kodi ya jengo inayopendekezwa mwaka unaofuata: jiji kiasi gani, kaunti kiasi gani, shule kiasi gani, pamoja na tarehe ya mkutano wa kuijadili. Sheria inakataza mkutano huo kuanza kabla ya saa 12 jioni, ili mfanyakazi aweze kufika. Kwetu kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU tangu 2021, na mpangaji anaiona kwenye risiti ya umeme.

Kwa hiyo niseme kwa watendaji wa mitaa, maana najua wengi wanafanya kazi katika mazingira magumu, hata wino wa printa wanajinunulia. Tangazo zuri ni karatasi moja ya A4. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, andika siku, tarehe na mwaka. Mwaka ni lazima, kwa sababu picha ya tangazo la zamani lisilo na mwaka inarudi kwenye WhatsApp na kuwatisha watu upya. Andika "saa 2 asubuhi", usiandike "2:00" peke yake, kwani nusu ya mtaa itasoma kizungu. Taja barabara na namba ya nyumba ya kuanzia na ya kuishia. Sema mkazi afanye nini: ahamishe meza ya biashara, ajaze maji ya siku mbili, afunge mbwa. Weka jina la cheo na namba ya simu inayopokelewa, muhuri, na tarehe ya kulibandua.

Usiliache kwenye ubao wa ofisi tu, maana ofisini mtu anakwenda akitaka barua ya utambulisho. Libandike kijiwe cha bodaboda, kioski cha maji, duka la mangi, mlango wa msikiti na wa kanisa, ndani ya mfuko wa nailoni ili mvua isilichane. Kwenye WhatsApp andika maneno yenyewe. Picha ya barua iliyopigwa upande haisomeki kwenye simu ndogo, wala haitafutiki siku ukiihitaji. Gari la matangazo lisimame kila kona na kurudia mara mbili, likianza na jina la barabara, kwa sababu likipita mbio tunasikia "wananchi wote mnatangaziwa" halafu kimya.

Na kazi ikiahirishwa, tangazo la kuahirisha lipite njia zilezile, mahali palepale, siku hiyohiyo. Hapo ndipo tunapoangushwa mara nyingi zaidi. Watu wanahamisha vibanda Jumamosi, greda halionekani, hakuna anayesema kitu. Jumanne linakuja bila taarifa na kukuta vibanda vimerudi, kisha linavivunja, na lawama anabebeshwa mwenye kibanda.