Anzia kupanga safari pale pagumu

Mtu akiniambia anataka kuzunguka nchi za jirani kwa mabasi, swali lake la kwanza karibu kila mara ni nauli ya kutoka Dar. Naona hapo ndipo mipango mingi inapoanza kwenda kombo. Dar kwenda Mbeya mabasi ni mengi. Ukikosa la alfajiri pale stendi ya Magufuli, utapanda linalofuata. Kipande cha namna hiyo hakikuumizi kichwa. Kinachotaka kupangwa ni kile kipande ambacho chombo hupita mara moja kwa wiki, na ukikikosa unakaa. Hicho ndicho cha kuandika kwanza kwenye daftari, halafu safari nzima uijenge kwenda mbele na kurudi nyuma kutoka hapo.

Chukua njia ninayoipenda kuliko zote: Mbeya, mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi, Karonga, Mzuzu, Nkhata Bay, kisiwa cha Likoma, kisha kuvuka Ziwa Nyasa kuingia Msumbiji pale Cobué, kushuka Metangula, kupanda Lichinga, na kurudi nyumbani kwa mpaka wa Mkenda hadi Songea. Nchi mbili za watu, ziwa moja, na hakuna ndege hata moja. Mtanzania haombi viza ya matembezi mafupi Malawi wala Msumbiji. Tuna pasipoti inayotufungulia milango hii, na bado likizo ikifika tunawaza Dubai. Linanisikitisha sana.

Pagumu katika njia hii ni Likoma. Kisiwa ni cha Malawi, lakini kimezungukwa na maji ya Msumbiji, na pwani ya Cobué unaiona kwa macho. Meli inayokihudumia tangu miaka ya 1950 ni Ilala, ambayo ratiba yake ni kupanda ziwa na kushuka mara moja kila wiki. Tena kuna vipindi inaingia matengenezo na haionekani kabisa. Kwa hiyo kabla hujakata tiketi yoyote, tafuta mtu aliyeko Nkhata Bay, mwenye nyumba ya wageni au wakala wa mizigo, umuulize maswali mawili tu: meli ipo? Wiki hii inapita siku gani? Jibu lake lina thamani kuliko ratiba yoyote utakayoikuta mtandaoni. Ukishaijua siku ya meli, hesabu kurudi nyuma. Mzuzu hadi Nkhata Bay ni kama kilomita 50, mwendo mfupi. Karonga hadi Mzuzu ni zaidi ya kilomita 200, barabara inafuata ziwa halafu inapanda milima ya Chiweta kwa kona kali, na basi lililojaa mizigo linapanda taratibu. Miaka ya karibuni Malawi imekuwa na uhaba wa mafuta, na gari linaweza kushinda kwenye foleni ya petroli. Ndiyo maana mimi huweka siku mbili za ziada kabla ya meli, na sioni kama ni kupoteza muda. Nkhata Bay ni mahali pa kukaa.

Pale Kasumulu kuwa makini na hela. Wabadilishaji watakufuata kabla hujashuka vizuri, mkono mmoja umeshika bunda la kwacha, mwingine kikokotoo. Badilisha ya kukufikisha Karonga tu, na ihesabu mwenyewe mbele yake, noti kwa noti, kabla ya kutoa shilingi zako. Kwacha ya Malawi ukishatoka nayo mbali na mpaka ni shida kuiuza, kwa hiyo imalize kabla ya kupanda boti ya Cobué. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe hata kama hutaulizwa. Tangu 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote, hivyo asikwambie mtu imeisha muda.

Likoma kuna kanisa kuu la Mtakatifu Petro, ambalo ujenzi wake ulianza 1903. Limejengwa kwa mawe, na ukubwa wake unashangaza kwa kisiwa unachoweza kukizunguka kwa miguu. Walioleta kanisa hilo ni misheni ileile ya Waanglikana iliyojenga kanisa la Mkunazini, Zanzibar. Mzanzibari akisimama pale ndani ataona ukoo.

Kutoka Likoma kwenda Cobué ni boti za wenyeji. Gonga muhuri wa kutoka Malawi kabla ya kupanda, kisha ukishuka tu Cobué nenda uhamiaji kabla ya kutafuta chakula. Lugha haitakusumbua kama unavyodhani. Kinyanja kinasemwa pande zote mbili za ziwa, Wayao wapo Lichinga kama walivyo Tunduru, na Kiswahili utakipata kwa wafanyabiashara. Kireno jifunze salamu na namba. Cobué hadi Metangula ni barabara ya vumbi na milima, usafiri wenyewe ni nyuma ya pikapu, na pikapu huondoka ikijaa. Metangula kwenda Lichinga kuna lami na chapa, ambayo ni daladala yao. Haya yote ni ya kiangazi. Mvua zikianza Desemba, barabara za vumbi za Niassa, mkoa wa Lichinga, zinageuka tope, kwa hiyo mwezi wa kwenda ni Juni hadi Oktoba.

Wapo watakaokushauri uteremke hadi Nampula, upande Pemba ya Msumbiji (si ya Zanzibar), urudi kwa Mtwara. Kwenye ramani inapendeza. Mimi nakataa. Cabo Delgado, mkoa wenye hiyo Pemba, imekuwa na mashambulizi ya waasi tangu Oktoba 2017 yalipoanzia Mocímboa da Praia, na hata Niassa upande wa mashariki, kwenye hifadhi, yamewahi kufika. Kabla ya kutoka Lichinga waulize madereva wa njia ya kaskazini hali ikoje. Wao wanapita kila wiki.

Halafu kuna jambo la saa, ambalo linawaangusha wengi. Malawi na Msumbiji ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ukivuka Kasumulu unapata saa ya bure na hakuna anayelalamika. Ukirudi kwa Mkenda unailipa: unafika Mto Ruvuma saa kumi na moja jioni kwa saa ya Msumbiji, unaona bado mapema, kumbe upande wa kwetu tayari ni saa kumi na mbili, giza linaingia na ofisi inafungwa. Kwa hiyo toka Lichinga alfajiri, na usitegemee gari la Songea la jioni. Songea kwenda Dar mabasi yapo kila siku, na hapo unaweza tena kuuliza nauli.