Kidhibiti Hakijaiva

Sangara wa Mwanza, kila kiungo chake kina mwenyewe. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Mabondo, yaani vile vifuko vya hewa vya tumboni, yanakwenda Uchina kwa bei ambayo ukimtajia mwalimu anaweza kuacha kazi. Mapanki, yaani kile kichwa na mifupa inayobaki kiwandani, yanakaangwa na tunayala wenyewe. Matumbo tu ndiyo hayana mwenyewe. Sisi vijana wa kikundi cha kuku wa mayai tukasema haya, basi hayo ni ya kwetu.

Hatukuwa na namna. Ukifuga kuku wa mayai, chakula peke yake kinameza zaidi ya nusu ya gharama zako. Dagaa, waliokuwa wakitupa protini, siku hizi gunia moja linagombewa na mama ntilie, mchuuzi wa kupeleka mikoani na mwenye kiwanda cha chakula cha mifugo. Anayeshindwa ugomvi huo ni kuku.

Bwana mifugo akatufundisha. Sagieni matumbo yakiwa mabichi kabisa, changanyeni na molasi, tieni mtindi kidogo, wekeni kwenye pipa la plastiki. Wadudu wa mtindi watakula sukari ya molasi na kutoa asidi, na asidi itazuia uozo. Huku nyuma vimeng'enya vya tumbo la samaki vitaendelea na kazi yake ya siku zote, ila sasa vitalimeng'enya tumbo lenyewe mpaka liwe uji. Litmasi, ile karatasi ya kupimia asidi, ikigeuka nyekundu mjue mambo yanakwenda. Mwisho mnachanganya na pumba, mnaanika kwenye turubai, mnawapa kuku kwa kiasi, maana ukizidisha mayai yananukia kitoweo kabla hujayakaanga.

"Na mfuniko msiukaze," akasema. "Kuna gesi humo."

Sisi hatukuukaza. Naomba hilo liwekwe kwenye kumbukumbu.

Tatizo la kwanza lilikuwa usafiri. Siku tuliyojaribu kupanda daladala na ndoo zetu kutoka mwaloni wanakoshushia samaki, konda alinusa mara moja, akavua kofia, akaniuliza marehemu ni nani. Tukahamia kwenye bajaji, na mwenye bajaji akakubali kwa sharti moja: usiku, abiria wake wa heshima wakiwa wamelala.

Tatizo la pili lilikuwa mahali pa kuweka pipa. Mama yake mwenyekiti wetu alitufukuza na ufagio. Bibi yangu akatukubalia kwa sababu pua yake ilistaafu zamani, akatupa nafasi nyuma ya choo cha zamani, chini ya mwembe, penye kivuli.

Sasa simama upande wa pili wa ukuta, uwe jirani yetu. Unaona vijana wasio na ajira wanashusha ndoo usiku wa manane. Unaona madumu ya molasi yanaingia. Pipa limefichwa nyuma ya choo, mapovu yanatoka, na upepo ukigeuka unaleta harufu tamu yenye uchachu. Hata mimi ningeita watu. Kwetu, molasi na pipa na kunong'ona vikikutana usiku havitengenezi chakula cha kuku. Vinatengeneza gongo.

Sungusungu walikuja na filimbi, fimbo na tochi. Jeshi hili la jadi lilianza Usukumani miaka ya 1980 mwanzoni kupambana na wezi wa ng'ombe. Mjini ng'ombe hawapo, tumebaki sisi. Walizingira uwanja wote. Bibi akatoka na kanga yake, akawatazama mmoja mmoja.

"Siku hizi mnaingia nyumba za watu bila kusalimia?"

"Shikamoo bibi," wakaitikia kwa pamoja.

"Marahaba. Haya, kamateni."

Kamanda akamulika pipa. Nikajieleza kama katibu wa kikundi: ni matumbo ya samaki, ni chakula cha kuku, tuna muhtasari wa kikao. Kamanda akainama, akanusa, akasita. Nilimwona anasita.

"Mbona linanuka samaki?"

Kijana mmoja wa nyuma, nadhani ana kipaji cha uanasheria, akasema, "Kamanda, wametia samaki ili kuficha harufu ya gongo. Ndiyo ujanja wenyewe."

Kuanzia hapo hatukuwa na utetezi. Kila lililotusafisha lilituchafua. Samaki anaonekana? Ujanja. Pipa halina moto wala bomba la kutoneshea? Wameficha. Litmasi nyekundu? Kamanda aliishika kwa ncha za vidole, akaagiza iwekwe kwenye bahasha.

Mwenyekiti wetu akapata wazo ambalo mpaka leo namheshimu nalo. "Basi ionjwe. Anayeijua gongo aonje aseme."

Kimya. Nataka uelewe kimya kile. Wanaume wazima, wengine tunajua wanakotoka wakirudi nyumbani na kwa njia ipi, wote ghafla wakawa watu wa ibada. Mmoja alitazama mwembe. Mwingine akaanza kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa ndala. Kamanda akauliza tena, safari hii akiwatazama watatu hasa, na wote watatu wakasema wao gongo wameisikia tu redioni.

Ndipo katikilo, msaidizi wake, akavuta pumzi, akasema atajitolea kwa ajili ya usalama wa mtaa. Akaomba kikombe. Bibi akamletea cha bati. Akakichovya katikati ya pipa, si juu, akakizungusha, akakimulika kwa tochi kutazama rangi, akapuliza povu pembeni. Mikono ile haikuwa ya mgeni. Akanywa funda moja, akafumba macho. Tukangoja.

"Haijaiva," akasema.

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Kamanda alimtazama msaidizi wake kwa muda mrefu sana. Katikilo akajaribu kufafanua kwamba alimaanisha kitaalamu, kwa kukisia, lakini hakumaliza sentensi kwa sababu funda lilikuwa limefika lilikokuwa linakwenda, likakataa kukaa. Alikimbilia kwenye mwembe.

Pamoja na hayo, pipa lilichukuliwa. Ilikuwa Ijumaa usiku. Nilimfuata kamanda nikimsihi: mzee wangu, chukueni, lakini mfuniko msiukaze. Akanijibu kwamba kidhibiti kikimwagika njiani kesi itaharibika. Wakaukaza wawili, wa tatu akaukalia, wakaufunga juu yake kwa mpira wa baiskeli. Pipa likafungiwa ofisini, kati ya kabati la mafaili na dirisha lenye jua la mchana, mpaka Jumatatu.

Jumapili watu wakitoka kanisani waliona korongo wale wenye vipara wamejaa kwenye paa la ofisi, wametulia, wanasubiri. Wengine wakasema ni dalili ya mvua. Mlipuko wenyewe uliwashtua bodaboda wa kijiweni, wakadhani ni tairi ya lori.

Jumatatu tuliitwa kusafisha. Uji ulikuwa kwenye dari, kwenye feni, kwenye ramani ya kata, ndani ya droo zilizokuwa zimefungwa kwa ufunguo. Bwana mifugo naye alifika, akachovya litmasi kwenye meza ya ofisa, ikawa nyekundu safi. Akatupongeza. Kesi ikafungwa kwa kukosa kidhibiti, ingawa kidhibiti kilikuwa kila mahali. Nilisaini kwenye daftari chini ya maneno "kimejimwaga chenyewe."

Tulianza upya, safari hii tukiwa na barua yenye mhuri iliyobandikwa kwenye pipa, inayosema MATUMBO YA SAMAKI kwa herufi kubwa. Kuku wanataga vizuri. Jirani aliyetuchongea ananunua trei kwetu, na hatujampunguzia bei.

Wiki iliyopita jioni katikilo alipita nyumbani, peke yake, bila filimbi. Akaamkiana na bibi, akauliza habari za kuku, akauliza habari za ziwa. Kisha akasogea karibu na choo cha zamani, akashusha sauti.

"Ile ya safari hii," akaniuliza, "hamna mpango wa kuichuja?"